Choquequirao: Mji wa Wainka unaofikiwa kwa miguu tu

UKIMTAJIA mtu wa kwetu nchi ya Peru, kama amewahi kuisikia, atakutajia Machu Picchu, ule mji wa mawe ulio juu ya mlima ambao picha yake imebandikwa ukutani katika ofisi nyingi za kuuza tiketi za ndege. Hakosei. Mwaka 2019 pekee mji huo ulipokea wageni zaidi ya milioni 1.5. Wanakwenda kwa treni hadi bondeni, kisha basi dogo linawapandisha hadi getini, wanapiga picha, jioni wanarudi kulala hotelini.

Mimi nilikwenda kwa ndugu yake. Jina lake ni Choquequirao, na upo katika milima ya Vilcabamba, kiasi cha mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Jina hilo hufasiriwa kuwa kitanda cha mtoto cha dhahabu. Wageni wake kwa mwaka mzima huhesabiwa kwa maelfu machache, na sababu si kwamba mji wenyewe ni mbaya. Hakuna gari wala treni inayofika. Ni miguu yako, siku mbili kwenda na siku mbili kurudi.

Nilikuwa mjini Lima kwa shughuli za kikazi, nikabakiwa na wiki moja mkononi. Mwenyeji wangu alinishauri Machu Picchu kama wanavyoshauriwa wageni wote. Nilipomuuliza kama kuna mahali ambapo mizigo bado inapita kwa njia za zamani, ndipo akalitaja jina hili. Mtu aliyekulia Ngara, akazoea kuona shehena zikivuka Rusumo kila siku ya Mungu, hawezi kusikia habari ya njia na mizigo akakaa kimya.

Nyumbu wa Cachora

Kutoka Lima unaruka hadi Cusco, mji uliokuwa makao makuu ya dola ya Wainka. Uko mita 3,400 juu, na kichwa kinakuuma tangu uwanja wa ndege. Dawa ya wenyeji ni chai ya majani ya koka, ambayo kule ni halali na huuzwa sokoni kwa mafungu kama mchicha. Wasomaji wangu wa biashara za mipakani nawaonya mapema: kunywa hukohuko uyamalize. Usithubutu kurudi na jani hata moja mfukoni, maana kwenye viwanja vya ndege hakuna atakayekusikiliza ukieleza habari za kuumwa kichwa.

Baada ya kulala siku mbili kuzoea hewa, tulichukua gari barabara ya kwenda Abancay. Baada ya saa kama nne tukaiacha lami na kushuka hadi San Pedro de Cachora, kijiji cha nyumba za matofali ya udongo, mashamba ya mahindi, na kilele chenye theluji nyuma yake. Hapo ndipo safari ya miguu inapopangwa, na hapo ndipo wanapopatikana nyumbu.

Nikisema nyumbu simaanishi wale wa Serengeti. Ni yule mnyama anayezaliwa na farasi jike na punda dume, mwenye nguvu za mama na ukaidi wa baba. Cachora ina waendesha nyumbu kama Goma ilivyo na chukudu. Bila wao hakuna linalokwenda. Mahema, mitungi ya gesi, mchele, unga, soda za kuuzia wageni kule juu, hata mabati ya kuezekea, vyote vinapita mgongoni mwa nyumbu.

Tulimkodi mzee mmoja mwenye nyumbu wawili. Wenzake walimwita kwa heshima ya kwao, nami nikamwita mzee kwa heshima ya kwetu, akaridhika. Yeye alizungumza Kikechua, lugha ya Wainka ambayo hadi leo ina mamilioni ya wasemaji katika milima ya Andes. Kijana aliyetuongoza aliigeuza kuwa Kihispania akilini mwake, kisha akanipa kwa Kiingereza. Kila neno la mzee lilipita vituo viwili vya forodha kabla ya kunifikia, na sina shaka kwamba kuna mengine yalizuiliwa njiani.

Njia inapanda taratibu hadi mahali panapoitwa Capuliyoc. Hapo ardhi inakatika. Chini kabisa, kama uzi uliotupwa, unapita mto Apurímac, na ng'ambo yake mlima mwingine umesimama wima. Kijana alininyooshea kidole nione mstari mwembamba unaopanda mlima ule kwa kona nyingi. Hiyo, akasema, ndiyo njia ya kesho. Mzee alichagua majani matatu mazuri ya koka, akayapuliza kuelekea vilele, akaweka jiwe juu ya rundo la mawe lililokuwa kando ya njia. Kila mpita njia huongeza lake. Nami nikaongeza langu.

Kutoka Capuliyoc hadi mtoni unashuka kiasi cha mita 1,400. Watu wengi wanaogopa kupanda, lakini mimi nawaambia kushuka ndiko kunakoumiza. Magoti yanatetemeka, vidole vya miguu vinagonga mbele ya kiatu, na vumbi jeupe linakuingia mpaka kwenye meno. Mtoni ni kama mita 1,500 juu ya bahari, yaani karibu sawa na Kigali, na joto lake ni la kweli. Kuna visubi wadogo sana ambao wenyeji wamewapa jina la Kikechua lenye maana ya wanaomliza puma. Puma ni paka mkubwa wa milima ile. Kama wanamliza yeye, mimi ni nani?

Mchuuzi aliyeogelea na uzi

Mto ule ni mpaka. Upande tuliotoka ni mkoa wa Apurímac, na ukivuka daraja umeingia mkoa wa Cusco. Hakuna afisa wala kizuizi, ni mikoa miwili ya nchi moja, lakini mpaka huo una mambo yake nami nitayarudia.

Kwa sasa nataka kusimulia habari ya daraja. Mwaka 1909 Mmarekani Hiram Bingham, yuleyule ambaye miaka miwili baadaye aliitangaza Machu Picchu kwa ulimwengu, alifika kwanza Choquequirao. Hakuwa wa kwanza. Mfaransa Eugène de Sartiges alikuwa amefika mwaka 1834, na Bingham mwenyewe alikuta majina ya watangulizi yameandikwa kwenye vibao vya mawe ndani ya magofu. Aliyemshawishi Bingham kwenda ni mkuu wa Apurímac wa wakati huo, ambaye alikuwa amekusanya fedha za watu ili kutafuta dhahabu ya Wainka.

Shida yao kubwa ilikuwa mto. Ulikuwa na nguvu kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuuingia. Bingham anasimulia kwamba aliyewatoa katika shida hiyo ni mchuuzi mmoja mzee wa Kichina, aliyekuwa amezunguka milima ya Andes na bidhaa zake kwa miaka 30. Mzee huyo alijifunga uzi kiunoni, akaogelea hadi ng'ambo. Uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta nyaya sita za simu, na juu ya nyaya hizo likajengwa daraja.

Jina la mkuu wa mkoa limehifadhiwa, na la Bingham limeandikwa kila mahali. La mchuuzi sikuliona popote katika simulizi hiyo. Wanaotafuta riziki mipakani hawatashangaa.

Dhahabu haikuonekana. Kilichobaki ni matundu ya baruti kwenye kuta walizozilipua wakitafuta.

Viazi, chuño na simbilisi

Siku ya pili tulianza kupanda saa kumi na moja alfajiri kabla jua halijachoma. Katikati ya mlima kuna mahali panaitwa Santa Rosa, wanakolima miwa na kutengeneza pombe kali. Mzee alipimiwa kikombe kimoja kidogo, akamwaga matone ya kwanza ardhini kwa ajili ya Pachamama, mama ardhi. Bibi yangu naye hakuonja pombe ya ndizi kabla ya kuwamwagia wahenga, kwa hiyo kitendo hicho hakikuhitaji mkalimani.

Tulifika Marampata mchana, nikiwa sina pumzi. Ni kitongoji cha familia chache zinazolaza wageni, kuwapikia na kuwauzia maji. Mama aliyetupokea alitupa supu ya viazi, mahindi ya kuchemsha yenye punje kubwa kama jino la farasi, na mnyama mdogo aliyebanikwa mzima. Wenzangu wa Kizungu waliokuwa wamepiga hema jirani waligeuza nyuso. Mimi nilimtambua mara moja. Ni simbilisi, yuleyule anayefugwa chini ya vitanda na jikoni katika kaya nyingi za Kivu. Asili yake ni Andes. Huko walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita, na kwa njia ndefu ya meli na wasafiri amefika hadi kwetu.

Viazi vilevile. Mfanyabiashara wa Gisenyi anayevusha gunia la viazi kwenda Goma, au wa Musanze anayejaza lori, anauza zao lililotoka milima hii. Hata jina la viazi ulaya ni la kutupoteza, maana Ulaya ilikuwa kituo cha kupitia tu. Pale Lima kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa viazi kinachohifadhi aina kwa maelfu, nyeusi, zambarau, nyekundu, zilizopinda kama kidole.

Lakini kilichonishika zaidi ni chuño. Msimu wa baridi, kwenye nyanda za juu ambako usiku maji huganda, watu humwaga viazi nje. Usiku vinaganda, mchana jua linaviyeyusha. Baada ya siku kadhaa watu huvikanyaga kwa miguu kutoa maji, kisha huvikausha. Kinachobaki ni kitu chepesi kama kizibo ambacho hukaa miaka bila kuoza. Wainka walijaza maghala kwa chakula cha namna hiyo, wakakipakia mgongoni mwa lama, na ndivyo walivyolisha majeshi na wajenzi katika dola isiyokuwa na gurudumu, farasi wala fedha. Nilimwaza kila mwenzangu aliyewahi kukwama mpakani siku tatu na lori la viazi huku akiona maji yanachuruzika chini ya turubai.

Lama weupe ukutani

Asubuhi ya siku ya tatu, baada ya kulipa kiingilio cha soli 60, tulitembea saa moja na zaidi kuingia mjini. Tulikuwa watu tisa kwa jumla. Uwanja mkuu una majani mafupi, umezungukwa na nyumba za mawe zenye milango ya fremu mbilimbili, jambo lililokuwa alama ya heshima kwa Wainka. Mfereji wa mawe ulioleta maji kutoka mlimani bado unaonekana. Juu ya uwanja kuna kilima ambacho kilele chake kilikatwa na kusawazishwa kama meza, wakakizungushia mawe. Ukisimama pale unaona mto pande za chini kabisa na theluji juu, na siku ile tai mkubwa wa Andes, kondori, alipita chini yetu. Kumwona ndege mgongoni badala ya tumboni ni jambo la kukufanya ukae chini.

Mtu asitegemee mawe yaliyokatwa na kubana kama ya Cusco. Hapa mawe ni ya mlimani palepale, yamepangwa kwa udongo. Wanaakiolojia wengi wanauhusisha ujenzi wake na karne ya 15, zama za mfalme Pachacuti na mwanawe Topa Inca. Sehemu kubwa ya mji bado imefunikwa na msitu.

Kisha tukashuka upande wa pili wa mgongo wa mlima kwa ngazi kali, dakika 40 hivi, hadi kwenye makinga maji. Haya ni matuta ya kilimo yaliyojengwa kwa kuta za mawe, moja juu ya jingine. Kwenye kuta hizo, kwa mawe meupe yaliyopachikwa katika mawe ya kijivu, wamechorwa lama. Ni wanyama zaidi ya 20, wakubwa kwa wadogo, wote wakipanda kuelekea upande mmoja kama msafara. Walikuwa wamefunikwa na vichaka karne zote hizo. Bingham hakuwaona. Walifunuliwa katikati ya miaka ya 2000.

Kijana alieleza jambo ambalo nimerudi nalo hadi nyumbani. Wainka hawakuwa na kawaida ya kuchora ukuta namna hii. Walikuwa nayo Wachachapoya, watu wa misitu ya mawingu mbali sana kaskazini mwa Peru, ambao Wainka waliwashinda kwa vita. Dola ile ilikuwa na desturi ya kuwahamisha watu: unaondolewa kwenu, wewe na jirani zako, unapelekwa mamia ya kilometa kulima, kujenga au kulinda, na wengine wanahamishiwa kwenu. Walioitwa hivyo ni mitmaq. Baadhi ya wanaakiolojia wanaamini kuwa mafundi wa kuta hizi walikuwa Wachachapoya waliohamishwa.

Niliangalia zile pembe za mawe meupe kwa muda mrefu kuliko nilivyoangalia uwanja wa kifalme. Wapo wasomaji wa ukurasa huu waliozaliwa kambini, au waliorudi kijijini kwa wazazi wao wakakuta lafudhi yao inachekwa, au waliojenga nyumba Kigali au Bujumbura kwa namna ileile waliyojifunza Kigoma. Hao hawahitaji mwanaakiolojia awaeleze kwa nini fundi aliyeagizwa kujenga ukuta wa bwana wake ataweka ndani yake mkono wa kwao.

Tena milima hiihii ndiyo iliyogeuka kimbilio la Wainka wenyewe. Mwaka 1536 Manco Inca aliwaasi Wahispania na kuizingira Cusco. Aliposhindwa alikimbilia Vilcabamba, na yeye na wanawe wakaendesha dola ndogo uhamishoni kwa zaidi ya miaka 30. Wahispania waliiteka mwaka 1572, wakamchukua mfalme wa mwisho, Túpac Amaru, wakamkata kichwa katika uwanja wa Cusco mwezi Septemba mwaka huohuo. Waliokuwa wakiwahamisha wengine nao waliishia kuwa wakimbizi.

Waya au nyumbu?

Sasa nirudi kwenye ule mpaka wa mto. Magofu yako mkoa wa Cusco, na kiingilio kinalipwa upande huo. Lakini njia fupi, magari, nyumbu na wapagazi viko Apurímac. Kila upande unaona mwenzake anakula zaidi.

Tangu mwaka 2013 umekuwa ukitangazwa mpango wa serikali ya mkoa wa Apurímac wa kujenga gari la waya kuvuka bonde lile. Kwa ilivyoelezwa wakati huo, lingekuwa na urefu wa kilometa zipatazo tano na lingemvusha mtu kwa dakika 15, watu hadi 3,000 kwa siku. Hadi ninapoandika halijajengwa. Mikoa miwili imekuwa ikivutana juu ya mapato. Na kituo cha kuanzia kilichopangwa si Cachora, bali Kiuñalla, upande wa wilaya ya Huanipaca.

Msomaji anayeijua biashara ya njiani ameshaelewa. Waya ukipita kule, Cachora hakuna tena sababu ya kushuka. Yule wa Santa Rosa atabaki na miwa yake, na mama wa Marampata atawaona wageni angani.

Hata hivyo siwezi kusema mpango huo ni mbaya tu, kama wanavyosema baadhi ya watalii wanaotaka mahali pabaki pagumu kwa ajili ya picha zao. Mama wa Marampata alinionyesha njia anayopita mgonjwa. Anafungwa juu ya nyumbu, anashushwa hadi mtoni, anapandishwa hadi Capuliyoc, siku nzima, na wapo wasiofika. Yeye anautaka waya. Anachotaka pia ni kuulizwa utapita wapi na nani atauza chakula kituoni, na alisema hakuna aliyewahi kufika kumuuliza hayo.

Tulirudi kwa njia ileile, safari hii tukishuka tulikopanda na kupanda tulikoshuka. Kwenye kona ya mwisho kabla ya Capuliyoc nilimuuliza mzee kama haogopi waya huo utamnyang'anya kazi. Alicheka, akamwambia kijana, na kijana akaniambia: amesikia habari zake tangu 2013, na tangu mwaka huo amezika nyumbu wawili na kununua watatu.